Jiwe la Povu na Jiwe la Mpita Njia

Ulikuwa ule mwaka tuliokula sukuma bila kitunguu. Kama ulikuwa Nairobi, unaukumbuka. Mama mboga wetu hapa Mbotela alikuwa akikata kitunguu kimoja mara nne, robo anakufungia kwa karatasi kama dawa ya minyoo, na jirani akithubutu kukaanga kizima, ploti yote inatoka nje kunusa. Tulikula omena yenye chumvi peke yake. Tulikula maharagwe yanayotuangalia tu. Ndio mwaka huo mjukuu wangu wa tatu alipozaliwa, msichana, paji la uso pana kama langu, na mimi nikafunga mandazi kwa kitambaa safi, nikajaza chai kwenye chupa, nikavuka Jogoo Road mpaka Jericho kwa yule mama rafiki yangu, Mwalimu, kumwomba kitu kimoja.

Nilitaka anipe jina lake.

Wacha nieleze vizuri, kwa sababu si kila mtu anajua mambo yetu. Kwetu Wakikuyu jina la mtoto halichaguliwi, linamsubiri. Msichana wa kwanza anaitwa mama ya baba yake, yaani mimi, na huyo msichana ni mimi kabisa, hata kutembea kwake kunapasua watu njiani. Wa pili anaitwa mama ya mama yake. Huyo naye ni mzuri, siwezi kusema vibaya. Wa tatu ni zamu ya dada ya baba. Sasa Kimani wangu hana dada. Nilizaa mmoja nikafunga duka. Kwa hivyo lile jina la tatu lilikuwa wazi kama kiti cha mbele kanisani, na Mwalimu hakuwa na mtoto, wala mjukuu, wala mtu wa kubeba jina lake. Nikaona Mungu mwenyewe ndiye amepanga viti. Nilitaka siku moja nisimame mlangoni pangu, niite mtoto aje kula, na jina linalotoka mdomoni mwangu liwe la Mwalimu.

Mwalimu alimimina chai. Akachukua andazi, akalipasua katikati, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akaniambia:

“Chai nitakunywa, mandazi nitakula, lakini hilo sikupi.”

Na kweli alikunywa, akala, akauliza kama yale ya chini kwenye kitambaa pia ni yake.

Mtu wa namna hiyo nitamweleza vipi? Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo simalizii wino. Yeye aliwahi kuniuliza mimi? Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimepigwa pasi, na hiki changu alikivumilia kama mtu anavyovumilia kiatu kinachobana. Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia zamani, lakini hakuna aliyeacha kumwita Mwalimu, na vijana wa Jericho walimwita Tichee. Mfupi, mweusi wa kung'aa, leso moja kiunoni, nyingine kichwani, na mkoba wa ngozi ambao ukimsaidia kuubeba unajuta, kwa sababu ndani mlikuwa na mawe.

Nasema mawe. Si mfano. Mawe ya kupasua kichwa.

Nilimjua kwa sababu ya miguu ya watu. Nina kibanda sokoni Jericho, nauza vitu vya kuoga: dodoki, sabuni za vipande, mafuta ya kujipaka, na lile jiwe jepesi lenye matundu la kusugulia visigino. Usilicheke hilo jiwe. Visigino vya Eastlands vimenisomeshea Kimani mpaka kidato cha nne, mimi mwenyewe niliyeishia darasa la tatu. Basi siku moja akaja mama huyu, akanisalimia salamu ndefu ya pwani, ile inayouliza habari za kila mtu mpaka kuku, halafu akachukua jiwe moja, akalipima mkononi.

“Mama, unajua unauza nini?”

“Nauza jiwe la miguu.”

“Unauza povu.”

Nikasimama. Mtu asije kibandani kwangu kuniambia nauza povu mbele ya wateja. Nikamwambia, “Mama, kama hununui weka chini. Hapa si shule.”

“Nipe karai la maji,” akasema. “Jiwe hili likizama, nanunua yote uliyo nayo. Likielea, unanipa kiti nikae.”

Watu wa soko hawana kazi wakisikia maneno kama hayo. Fundi viatu aliacha soli ikining'inia. Mwenye viazi akaja na viazi mkononi. Mwalimu akaliweka jiwe majini polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, akaondoa mkono, na lile jiwe likakaa juu. Jiwe zima. Linazungukazunguka kama bata.

“Huo ni uchawi wa mchana,” akasema fundi viatu.

“Hiyo jiwe imekataa kuzama, buda,” akasema kijana mmoja wa mitumba. “Hebu rudia, Tichee, nichukue video.”

Kama angeishia hapo ningempa kiti kwa furaha. Hakuishia. Alichukua mawe yangu yote, akayatumbukiza moja moja, na karibu nusu yakaenda chini kwa sauti, dubwi, dubwi, huku soko lote linaitikia. Akaokota moja lililozama, akalinusa. “Hili si jiwe la povu, mama. Hili ni tofali lililovunjika likanyolewa.” Kumbe yule mtu aliyekuwa akiniletea mzigo alikuwa akiokota vipande vya matofali kwenye nyumba zinazobomolewa, anavisugua vikawa duara. Watu walikuwa wakijisugua kwa ukuta wa jirani.

Tangu siku hiyo karai la maji haliondoki kibandani kwangu. Mteja haniulizi bei kwanza. Anachagua jiwe, anaangusha mwenyewe majini, likielea analipa. “Shosho, nipe ile inaogelea,” ndivyo wanavyoniambia mimi bibi yao. Wanatoka mpaka Makadara kuja kuona. Na Mwalimu alipata kiti chake, cha plastiki, cha bluu, akakikalia miaka na miaka mpaka miguu yake ikapinda.

Katika mawe yake yote aliyapenda mawili, na yote mawili aliyaokota upande wa Naivasha enzi alipokuwa akipeleka wanafunzi kutembea. Moja lilikuwa la povu, la kijivu, kubwa kama mkate. Jingine lilikuwa jeusi, kioo kitupu, la ukubwa wa yai la bata. Lilikuwa limeviringishwa na maji ya korongoni mpaka likawa laini, halina hata ncha ya kukwaruza. Ukiliinua dirishani unaona ukingo wake unapitisha mwanga kidogo, rangi ya chai ya rangi. Ukijiangalia ndani unajiona, lakini unajiona mbaya.

“Hawa ni ndugu,” aliniambia. “Chungu kimoja, moto mmoja.”

Nikamwambia asinidanganye, hata mimi nina macho. Ndugu gani hawa, mmoja mwepesi kama kaukau za viazi na mwingine kama chuma?

Akaniuliza, “Ukiitikisa chupa ya soda ukaifungua, nini hutokea?”

“Naloa.”

“Basi. Chini ya ardhi kuna uji wa mawe, na ndani ya uji huo kuna hewa imebanwa kama ya soda. Mlima ukipasuka, ile hewa inataka kutoka yote mara moja. Uji unafoka, unaruka juu ukiwa povu, na unapoa huko huko hewani kabla povu halijaisha. Hilo ndilo lako la visigino. Matundu yake ni pale hewa ilipokuwa. Lakini uji uleule, kama umeshatoa hewa yake, ukachuruzika kwa adabu, ukapoa haraka kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kujipanga, unakuwa kioo. Hujawahi kuyeyusha sukari ukaimwaga kwenye sinia baridi?”

Sikuwa nimewahi. Nilienda nyumbani nikayeyusha. Niliunguza sufuria ya mke wa Kimani, lakini nilipata jiwe la kioo, la kahawia, na wale wajukuu wangu wawili wakalilamba mchana kutwa wakiwa wamenyamaza kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea tena katika nyumba ile. Mke wa Kimani aliiangalia sufuria, akaniangalia mimi. “Mama, hii ni nini?” Nikamwambia ni jiografia.

“Moto ni mmoja, Mama Kimani,” Mwalimu alipenda kusema. “Tofauti ni namna ulivyopoa.” Hilo neno nimelitumia kwa kila kitu. Wasichana wawili wa Kimani, tumbo moja, mmoja akianguka analia mpaka Buruburu wanasikia, mwingine akianguka anaamka anapiga sakafu teke. Jirani akiniuliza mbona hawafanani, namjibu hivyo, na anaenda zake akifikiri nimeokoka upya.

Lakini kilichonishika mimi zaidi si moto, ni majina. Lile jeusi, alisema, kwenye vitabu linaitwa obsidiani. Nikauliza maana yake. Akasema halina maana, ni jina la mtu. Inasimuliwa kwamba Mrumi mmoja wa kale alipita Ethiopia, akaona jiwe jeusi linang'aa, akaliokota, akalipeleka kwao. Wakaliita kwa jina lake.

“Ngoja kwanza,” nikasema. “Waethiopia walikuwa hawalioni?”

“Walikuwa wakilichonga visu kabla babu wa babu yake hajazaliwa.”

“Sasa yeye alifanya nini?”

“Aliokota.”

“Aliokota tu?”

“Aliokota tu.”

Ninakuambia habari hiyo iliniuma kuliko bei ya vitunguu. Niliwaeleza wateja wote wiki hiyo. Fundi viatu, ambaye kwa kawaida hakasiriki, alitupa nyundo chini. Alisema kumbe yeye akiokota jiwe barabarani pale mbele ya soko, ulimwengu wote utaita lami kwa jina lake.

“Na hili la povu?” nikamuuliza Mwalimu.

Akalichukua lile la kijivu, akalibusu, nakuapia. “Hili lina bahati. Kwenye vitabu ni pumisi, na wataalamu husema neno hilo linatokana na neno la kale la povu. Waliliangalia, wakaona lilivyo, wakaliita hivyo. Kitu kiitwe kwa kilivyo, Mama Kimani. Kisiitwe kwa aliyepita.”

Na alikuwa akifanya hivyo kwa watu, bila huruma. Mwenyekiti wa soko, ambaye akija kuona choo kimeziba husema atarudi, alimwita Bwana Nitarudi, na leo hata mke wake humwita hivyo akikasirika. Fundi viatu alimwita Kesho Asubuhi. Mimi usoni nilikuwa Mama Kimani, lakini nilikuja kusikia kwa watu kwamba nyuma ya mgongo wangu naitwa Bi Kelele. Nikaenda kumkabili. Nilimkabili kwa sauti iliyotoa watu majumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono. Halafu akawauliza wale watu waliotoka, “Nimekosea?”

Wakasema hakukosea.

Usifikiri alikuwa mtu wa kunyooka, hata hivyo. Alipindika kila mahali. Aliwafokea watoto wasiokote vitu chini, na yeye hakuna bustani ya kanisa aliyopita bila kuondoka na jiwe. Alisema chai ni ugonjwa wa Wakikuyu, akamaliza chupa yangu. Blanketi lake jipya alimpa mama mmoja aliyeunguliwa na nyumba, hamjui, hata hakumuuliza jina, lakini lile jiwe jeusi hakuna aliyewahi kulipata. Mwanafunzi wake wa zamani, mtu mkubwa siku hizi, tumbo na gari, alikuja kuliomba aliweke ofisini. Alipewa chai. Watoto wa Jericho waliruhusiwa kulishika wakiwa wameketi sakafuni, macho wamefumba, waseme linahisi vipi, kisha lilirudi dirishani. “Aliyeokota si mwenyewe,” aliwaambia, na mimi nikamuuliza, kwani wewe ulilizaa? Akajifanya hasikii. Sikio lake moja lilikuwa likizibuka na kuziba kulingana na swali.

Siku niliyocheka mpaka nikakaa chini ni ile ya kwenye duka kubwa la mjini. Tulikuwa tumeenda kununua unga, na mlangoni kuna askari mwenye kile kifimbo cha kupitisha kwenye mifuko. Kifimbo hakikulia, lakini askari aliinua mkoba akauona mzito. Akafungua.

“Mama, unaenda kupigana na nani?”

“Ukubwa wako huo, humsalimii?” akasema Mwalimu.

“Nisalimie nani?”

Akatoa jiwe moja, kokoto la kawaida tu machoni pangu. “Huyu alikuwepo kabla ya mlima Kenya. Wewe una miaka mingapi?”

Foleni nyuma yetu ilikuwa inaongezeka, mtu anasema “aki shosho, songa,” na yule kijana wa watu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama kidogo.

“Shikamoo, jiwe.”

“Marahaba,” akajibu Mwalimu kwa niaba yake, akapita. Mimi nilibaki nimeshikilia mlango. Mpaka leo nikipita pale yule askari ananiuliza, “Mzee hajambo?” Anamaanisha jiwe.

Basi mtu huyo ndiye aliyekunywa chai yangu akaninyima jina. Nilikasirika. Mimi nikikasirika kweli siongei, na kwa sababu siongei kila mtu anajua, soko zima lilijua. Kiti cha bluu nilikigeuza kikaangalia ukuta. Yeye akaja, akakikalia vilevile, akaangalia ukuta, akawa anauambia ukuta habari za Naivasha.

Nikabadilisha mbinu. Nikamwambia mke wa Kimani ambebe mtoto, twende naye. Mtu anaweza kumkataa mwanamke mzima, lakini mtoto mchanga aliyefungwa shali ya manjano, utamkataaje? Mke wa Kimani ni mtu wa busara, akasema, “Mama, na akikataa tena?” Nikamwambia hatakataa akishamshika.

Tulimweka mapajani mwake. Yule mtoto akamtazama. Halafu akafanya ile kazi aliyokuwa akiifanya tangu azaliwe, ya kukusanya mate midomoni na kuyapuliza yakawa povu, povu juu ya povu, likateremka kidevuni, likaingia kwenye leso ya Mwalimu. Mwalimu alilifuta kwa kidole, akaliangalia kidole.

“Mwalimu,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, sijui nilikoitoa. “Nipe basi. Nani atakuita ukiwa haupo?”

Akaangalia dirishani, pale lilipokuwa lile jiwe jeusi. “Umesahau yule Mrumi. Jiwe lilikuwa na wenyewe, lina kazi yake, lina sura yake, akapita mtu akabandika jina lake likakaa mpaka kesho. Mimi kwa huyu mtoto ni mpita njia.”

“Wewe si mpita njia. Kiti cha kibandani kwangu kimeshakuwa na umbo lako.”

Alicheka hapo. Lakini mimi sikuwa nimemaliza, nikamkumbusha kwamba hata yeye ana sufuria ya chai aliyoipa jina la rafiki yake marehemu, aliyempa sufuria hiyo, na kila asubuhi nasikia anaiita, haya, fulani, chemka. Mbona huko hakuna Mrumi?

“Sufuria haikui ikaja kuniuliza kwa nini,” akasema. Akamwinua mtoto, akamweka uso kwa uso. “Huyu atauliza. Atakuwa na mdomo, hamwoni? Mngojeni awaonyeshe alivyo. Tena ameshawaonyesha. Huyu ni Povu.”

Mtoto akampulizia jingine.

Sasa kwenye karatasi za serikali mtoto aliandikwa jina la dada mkubwa wa mke wa Kimani, ambaye ndiye aliyefuata kwenye foleni, na ni mwanamke mwema. Lakini hakuna anayelitumia. Ni Povu. Baba yake humwita Povu, mchungaji humwita Povu, na dada yake mkubwa, yule ambaye ni mimi, akimtafuta hupaza sauti Povu mpaka vikombe vinatetemeka. Na jina linamfaa. Analala akiongea, anaamka akiongea. Kuzama hajui.

Nilikigeuza kiti cha bluu kikaangalia watu tena. Lakini moyoni sikuwa nimeridhika. Kila nikimwita mtoto aje kula, nilisikia lile jina jingine likikaa nyuma ya meno yangu, halina pa kwenda. Nikawa namwambia Mungu.

Kisha magoti ya Mwalimu yakagoma. Mpwa wake akaja kumchukua akakae naye Komarock. Vitu vyake vilijaza pembe moja ya mkokoteni, mawe yakajaza kwingine kote, na mwenye mkokoteni alipojaribu kuuinua akaurudisha chini. “Mama,” akamuuliza, “unahama ama unajenga?” Mwalimu akamwambia asukume kwa heshima, amebeba wazee. Soko zima tulimsindikiza mpaka barabarani tukicheka, fundi viatu amebeba sufuria ya chai kichwani. Nilicheka sana siku hiyo. Niliporudi kibandani nilikikalia kiti cha bluu mwenyewe, kikanikataa, kimezoea mwingine.

Maneno yake tu ndiyo hayakuhama. Povu nilikuwa nashinda naye sokoni, ameketi kando ya karai akitazama mawe yanavyoelea, na mteja akija kunibembeleza nimpunguzie dodoki, namkatalia kwa maneno yaleyale niliyonyimwa nayo jina, kwa ile sauti ya pwani, mkono kiunoni kama Mwalimu, kidevu juu. Wateja wa zamani walikuwa wakiomba kupunguziwa makusudi ili wanisikie.

Nilienda kumwona juzi. Nilichoma mandazi asubuhi, na iliki, na siku hizi vitunguu viko hata vya kurusha, nikamwekea na mchuzi kwenye kopo. Povu nilimchukua, amevaa gauni lenye mifuko miwili mikubwa, na mdomo wake ulikuwa umetangulia.

Mwalimu alikuwa amepungua. Ameketi karibu na dirisha, leso mbili vilevile, na mawe yamepangwa kwenye kizingiti cha dirisha, la kijivu na jeusi katikati yakigusana. Mpwa wake alitukaribisha, akaninong'oneza nisishangae, siku hizi majina yanampotea. Mwalimu alikuwa amemwita huyo mpwa kwa majina ya wanafunzi watatu tangu asubuhi.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. “Mwalimu, unanijua?”

Alinitazama. Niliona anatafuta kichwani, anafungua droo, anafunga. Mama nani, Mama nani. Nikataka kumsaidia, halafu uso wake ukafunguka wote.

“Bi Kelele,” akasema.

Nilicheka mpaka nikamlowesha mkono kwa machozi. Mama Kimani alikuwa ameenda na maji, lakini Bi Kelele alikuwepo, mzima, hajakwaruzika.

“Na huyu?” akauliza, akimwangalia mtoto.

“Huyu ni Povu.”

“Aliyempa jina hilo alikuwa na akili.”

“Ni wewe.”

“Ndiyo maana,” akasema, na akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha mandazi kabla sijakifungua.

Tulikunywa chai. Nilimpa habari za soko: Bwana Nitarudi amechaguliwa tena, choo bado. Yeye alikuwa anacheka mahali panapostahili, na pengine mahali pasipostahili, na vyote vilikuwa vitamu. Sikuona Povu alipoteremka kwenye kiti. Nilipogeuka, kikombe chake kilikuwa mezani kinatoa mvuke, andazi liko mkono mmoja limeng'atwa, na kwa mkono wa pili alikuwa ameshika lile jiwe jeusi, anajitazama ndani.

“Povu,” nikasema. “Rudisha mahali pake.”

Mwalimu akaniwekea mkono begani ninyamaze. Akainama mbele, taratibu, magoti yakilia, mpaka uso wake ukawa usawa na wa mtoto, akamnyooshea kiganja kama alivyowanyooshea watoto wa Jericho miaka yote.

“Hilo jiwe ni la bibi, mwanangu. Haya, nipe.”

Povu akaangalia kiganja. Akaangalia chai yake. Akaangalia andazi. Akalitia jiwe kwenye mfuko wa gauni, akaweka mkono kiunoni, akainua kidevu, na kwa sauti ya pwani iliyopigwa pasi, ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuzaliwa nayo, akamwambia Mwalimu usoni:

“Chai nitakunywa, mandazi nitakula, lakini hilo sikupi.”